Katanga: Nchi Hewa Iliyokuwa na Ndege za Ukweli

Vitu hewa tunavijua vizuri sana hapa Kenya. Tumesikia wafanyakazi hewa, miradi hewa, hata barabara ambayo imelipiwa na hakuna gari limewahi kuipita. Lakini umewahi kusikia nchi hewa?

Ilikuwepo, na si mbali sana na sisi. Ilikuwa na rais, bendera, wimbo wa taifa, stempu na noti zake. Kitu pekee ilikosa ni wa kuitambua. Hakuna gava hata moja duniani iliyosimama rasmi ikasema, "Ndio, hiyo ni nchi." Iliitwa Katanga, na ilidumu kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963.

Sasa skiza mahali stori inaanza kuwa noma. Hiyo nchi hewa ilikuwa na jeshi la anga. Na mnamo Septemba 1961, jeti yake moja, moja tu, iliwafunga UN mikono kwa siku kadhaa, ikasaidia kuwanyima maji na risasi wanajeshi waliokuwa wamezingirwa, na ikafanya Katibu Mkuu wa UN asafiri gizani kwa njia ya kuzunguka, safari ambayo hakurudi.

Kabla hatujaingia ndani, fikiria Wakanda kidogo. Wakanda ni ya kubuni, ilitokea mara ya kwanza kwenye komiki ya Marvel mwaka wa 1966, miaka 3 tu baada ya Katanga kuanguka. Zote mbili zimekalia madini ambayo dunia nzima inayamezea mate. Lakini kwenye muvi, ndege za Wakanda zimeundwa na Shuri na watu wake. Katanga ilikuwa na madini, Shuri ndiye hakuwepo. Kila kitu kilichofuata kilitokana na hilo pengo.

Katanga ni wapi, na doo ilitoka wapi?

Chukua ramani ya Kongo uangalie kona ya chini kulia, juu tu ya Zambia. Hapo ndipo Katanga. Mji wake mkubwa ulikuwa Elisabethville, ambao leo tunauita Lubumbashi. Mwingine ulikuwa Jadotville, leo Likasi. Kolwezi bado inaitwa Kolwezi. Na ukitembea Lubumbashi hutapotea kwa lugha, kwa sababu watu wa huko wanaongea Kiswahili. Ni Kiswahili chao, kimekua migodini kati ya wafanyakazi waliotoka kila upande, lakini mtaelewana.

Chini ya hiyo ardhi kuna shaba, kobalti na urani. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndio ulitoa urani nyingi iliyotumika kwa bomu la Hiroshima. Kwa hivyo tunaongea kuhusu sehemu ambayo Marekani, Ubelgiji, Uingereza na Wasovieti wote walikuwa wanaikodolea macho.

Kongo ilipata uhuru kutoka kwa Ubelgiji tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe akasimama Elisabethville akatangaza kwamba Katanga imejitoa. Nyuma yake walikuwa Wabelgiji, na kampuni kubwa ya madini, Union Minière du Haut-Katanga. Badala ya ushuru wa shaba kwenda Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, ukabaki kwa Tshombe. Hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya mapato ya Kongo nzima. Yaani nchi mpya ilizaliwa, na kabla itambae, mtu akahepa na wallet yake.

Si wote Katanga walitaka hiyo form. Kaskazini, Wabaluba wengi walimkataa Tshombe na wakapigana naye. Baadaye maelfu yao waliishia kwenye kambi ya wakimbizi pale Elisabethville, ndani ya mji wa rais aliyesema ni rais wao.

Na waziri mkuu wa Kongo, Patrice Lumumba? Tarehe 17 Januari 1961 alifungwa kamba, akapakiwa kwenye ndege ya abiria pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, akapelekwa Elisabethville huku akipigwa njia nzima. Usiku huo huo wakauawa kwa risasi. Wiki chache tu baadaye, ndege zingine zikatua kwenye mji huo huo, na hizi zilikuwa za vita.

Jeshi la anga linahitaji nini?

Wengi wetu tukisikia jeshi la anga tunafikiria ndege. Ndege ni sehemu rahisi kabisa. Mtu yeyote mwenye doo anaweza kununua ndege. Ili ipae kesho, na kesho kutwa, na wiki ijayo, unahitaji vitu vingine: rubani anayeijua, fundi wa kuifungua injini, spea, mafuta, risasi zinazoingia kwenye bunduki zake, uwanja wa kutua, na mtu wa kusema nani aende wapi saa ngapi.

Katanga ilipata hivi vitu vyote kwa miezi michache. Ilivipataje?

Ndege za kwanza zilikuwa mabaki ya ukoloni. Wabelgiji walikuwa na kikosi kidogo cha ndege ndani ya jeshi lao la kikoloni, Force Publique. Zile zilizokuwa Katanga zikabaki Katanga. Hizi hazikuwa za kupigana. Zilikuwa za kubeba wakubwa, kupeleka barua na kuangalia kinachoendelea chini. Kikosi kipya kikaitwa Aviation Katangaise, kwa kifupi Avikat.

Viwanja havikuwa shida. Biashara ya madini ilikuwa imeacha viwanja vya ndege kwenye miji ya migodi, na Kolwezi peke yake ilikuwa na kimoja cha mji na kingine cha pembeni kinachoitwa Kengere. Mafuta yalipatikana kwa sababu migodi haiwezi kufanya kazi bila mafuta.

Marubani na mafundi? Hapo ndipo pochi ya shaba ilifunguliwa. Wabelgiji, Waafrika Kusini wazungu, Waingereza na wengine walikuja kwa mkataba. Kiswahili kina neno lao: mamluki. Msee anapigana kwa sababu amelipwa, na malipo yakikatika, vita yake imeisha.

Wale Wakatanga weusi walikuwa wapi kwenye hii picha? Walikuwa chini, kwenye jeshi la miguu, wakibeba bunduki chini ya maofisa wazungu. Ukoloni wa Ubelgiji haukuwa umefunza Wakongo kuwa maofisa, seuze marubani wa jeti. Kwa hivyo Katanga ikawa na jeshi la anga ambalo watu wa Katanga walikuwa wanalitazama tu likipita.

Ka-jeti kenye mkia wa V

Februari 1961, ndege kubwa ya mizigo ya kampuni moja ya Wamarekani ilitua Elisabethville. Ndani yake kulikuwa na jeti 3 aina ya Fouga Magister, zimefunguliwa mabawa kama fanicha ya kuhamia nyumba mpya.

Ngoja nikuchanue kuhusu Fouga. Hii ni ndege ya Ufaransa iliyoruka mara ya kwanza mwaka wa 1952, na kazi yake ya asili ni kufundisha marubani. Ina viti 2, mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma. Ina injini 2 ndogo za jeti. Utaitambua haraka kwa sababu mkia wake una umbo la V, hauna ile sehemu ya kusimama wima uliyozoea kuona. Haina rada. Kwenye pua unaweza kuweka bunduki 2 za rasharasha, na chini ya mabawa ukaning'iniza mabomu madogo au roketi.

Kwa majeshi makubwa ya wakati huo, hii ilikuwa kama gari la driving school. Marekani na Wasovieti walikuwa na jeti za kupita kasi ya sauti. Fouga ilikuwa inafika kama kilomita 700 kwa saa ikijikaza.

Na hata hizo 3 hazikudumu. Moja ilianguka katikati ya mwaka, kabla hata ya vita na UN, na rubani akafa. Ya pili ilishikwa na UN mwisho wa Agosti 1961, walipofanya msako Elisabethville kuwatoa maofisa wa kigeni. Hesabu inabaki 1. Hiyo moja ikahamishiwa Kolwezi, mbali na mikono ya UN.

Sasa jiulize. Ndege 1 ya kufundishia, na upande wa pili Umoja wa Mataifa wenye maelfu ya wanajeshi. Nani unaweka bet?

Kwa nini moja ilitosha

Ukiweka bet kwa UN umepoteza, na sababu ni rahisi kuliko unavyodhani. UN ilikuja Kongo kama walinzi wa amani. Ndege zake zilikuwa za kubeba: DC-3, DC-4, helikopta kadhaa. Hakuna hata moja iliyokuwa ya kupigana angani.

DC-3 inasafiri kwa karibu kilomita 300 kwa saa. Haina bunduki. Ikikutana na Fouga mchana, haiwezi kuikimbia wala kuipiga. Kwa hivyo kwenye hiyo anga, jeti ya kufundishia ndiyo ilikuwa simba. Ni kama kuwa msee pekee mtaani mwenye rungu. Haijalishi rungu lako ni dogo kama wengine wote wako mikono mitupu.

Kuna jambo lingine. Kongo ni kubwa na barabara zilikuwa mbovu. Chakula, risasi, dawa na wanajeshi wa UN vilisafiri kwa hewa. Ukizuia ndege, umezuia jeshi lote. Rubani wa Fouga hakuhitaji kuangusha ndege kila siku. Ilitosha watu wajue kwamba anaweza kutokea.

Tarehe 13 Septemba 1961, UN ilianzisha operesheni iliyoitwa Morthor ili kumaliza mambo ya Katanga haraka. Mambo yakaenda kombo. Fouga ikatoka Kolwezi, ikapiga wanajeshi wa UN na ikaharibu ndege zao za mizigo zikiwa zimeegeshwa uwanjani.

Jadotville

Kama ulitazama muvi ya The Siege of Jadotville ya 2016, ile ya Jamie Dornan, hii sehemu unaijua kidogo.

Kampuni moja ya wanajeshi wa Ireland, zaidi kidogo ya watu 150, ilikuwa Jadotville chini ya Pat Quinlan. Walizingirwa na maadui waliowazidi mara nyingi sana, wakiongozwa na mamluki. Walipigana kutoka tarehe 13 hadi 17 Septemba. Juu yao Fouga ilikuwa inakuja, inapiga, inaondoka. Hawakuwa na silaha ya kuangusha ndege.

Kikosi kilichotumwa kuwaokoa kilikwama kwenye daraja la mto Lufira, na Fouga ikakifuata huko pia. Helikopta moja tu ya UN ilifanikiwa kupenya kuwaletea maji. Yalipofunguliwa, yalikuwa yamechanganyika na mafuta kwa sababu ya mitungi iliyotumika. Hayangenyweka.

Maji yakaisha, risasi zikaisha, wakajisalimisha. Hakuna Muairishi hata mmoja aliyeuawa Jadotville, na hilo Quinlan alilipanga kwa kuwaambia watu wake wachimbe mahandaki mapema. Lakini walirudi nyumbani wakaonekana kama wasee walioinua mikono. Ilichukua zaidi ya miaka 50, hadi 2016, kwa Ireland kuwapa heshima rasmi kama kikosi.

Hapo katikati kuna kipande kinachotuhusu sisi moja kwa moja. UN iliomba jeti za kupigana, na Ethiopia ya Haile Selassie ikakubali kutuma zake. Kutoka Ethiopia hadi Kongo njia yake inapita anga ya Afrika Mashariki, na Septemba 1961 Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa bado chini ya Mwingereza. London haikufurahia hiyo operesheni ya UN. Ruhusa ya kupita ikacheleweshwa. Yaani jeti za Waafrika zingeweza kuja kusaidia Afrika, lakini ufunguo wa anga yetu ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Usiku wa Ndola

Katibu Mkuu wa UN alikuwa Dag Hammarskjöld, Mswidi. Aliamua kwenda mwenyewe kuongea na Tshombe ili vita isimame. Mkutano ungekuwa Ndola, ng'ambo ya mpaka, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia.

Tarehe 17 Septemba alipanda DC-6 iliyoitwa Albertina. Angalia sasa jinsi jeti moja inavyobadilisha mipango ya mtu mkubwa kiasi hicho. Fouga haina rada, kwa hivyo usiku inakuwa kipofu. Wakaamua kusafiri usiku. Fouga ingeweza kupata habari ya njia yao. Wakanyamaza kwenye redio. Fouga iko Kolwezi; wakaikwepa Katanga, wakazunguka upande wa Ziwa Tanganyika. Na hakukuwa na jeti za kuwasindikiza, kwa sababu UN haikuwa nazo.

Baada ya saa sita usiku, ikiwa karibu kutua, Albertina ilianguka msituni nje ya Ndola. Ndani walikuwa watu 16. Mmoja tu alipatikana hai, mlinzi, naye akafa siku chache baadaye. Mabaki yalifikiwa rasmi mchana wa siku iliyofuata, ilhali uwanja wa ndege haukuwa mbali.

Je, ni ajali au ilipigwa? Tume ya serikali ya kikoloni ya Rhodesia ilisema ni kosa la rubani. Lakini kulikuwa na wachoma makaa, Waafrika, waliokuwa msituni usiku ule. Baadhi yao walisema waliona ndege nyingine angani, na moto. Ushahidi wao ukatupiliwa mbali. Tume ya UN yenyewe, mwaka wa 1962, ilikataa kufunga mlango: haikuthibitisha shambulio, na haikulikana.

Miaka ilipita, kesi ikafunguliwa tena, na mtu ambaye UN ilimpa hiyo kazi ni jirani yetu: Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Tangu 2015 amekuwa akifuatilia faili hii. Alisema inawezekana kabisa kwamba shambulio au tishio kutoka nje lilichangia ndege kuanguka, na mara kadhaa ameziambia nchi kubwa zifungue mafaili yao ya kijasusi. Wale wachoma makaa, waliopuuzwa na mkoloni, safari hii maneno yao yalichukuliwa kwa uzito.

Kama ni Fouga, au ndege nyingine ya Katanga, au hakuna ndege yoyote, bado watu wanabishana. Wengine wanasema Fouga isingefika Ndola na kurudi Kolwezi bila kutua mahali kuongeza mafuta. Lakini hata kama haikurusha risasi moja usiku ule, ilikuwa imeshafanya kazi yake. Ndiyo iliyowafanya waende gizani, kimya, na bila msindikizaji.

UN inaleta mbogi yake

Baada ya Ndola, mchezo ulibadilika. Kufikia Oktoba 1961 UN ilikuwa na jeshi la anga la kupigana kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Sweden ilileta jeti za J 29, fupi na nene hadi Waswidi wenyewe waliziita pipa. Usicheke umbo, ilikuwa na mizinga 4 na mbio ya kuishinda Fouga karibu mara moja na nusu. India ilileta Canberra, ndege za mabomu zinazoweza kwenda mbali na kurudi. Na Ethiopia hatimaye ikafika na F-86 Sabre, zikiendeshwa na marubani Waafrika. Kwa kijana wa Kongo aliyezoea kwamba kila rubani wa jeti ni mzungu, hiyo peke yake ilikuwa habari.

Tofauti kubwa haikuwa idadi. Hawa walikuja kama majeshi kamili, na mafundi wao, spea zao, sheria zao na mtu mmoja wa kutoa amri. Ndege ikiharibika, kuna wa kuitengeneza. Rubani akiugua, kuna mwingine.

Mwanzoni mwa Desemba 1961, Canberra za India zilifika Kolwezi na kuchapa uwanja wenyewe. Hii ndiyo siri ya vita vya anga ambayo muvi hazikuonyeshi sana: ndege nyingi hazifi angani zikipigana. Zinafia chini, zikiwa zimeegeshwa. Kuanzia hapo Fouga haikutamba tena.

Awamu ya pili: mkongwe kutoka Poland

Ungedhani hapo Tshombe angechoka. Wapi! Shaba ilikuwa bado inauzwa. Mwaka wa 1962 akajaribu tena kujenga jeshi la anga, mara hii kimyakimya, vifaa vikipitia Angola iliyokuwa chini ya Ureno.

Mkubwa wa kikosi kipya alikuwa Jan Zumbach. Huyu hakuwa wa kuokotwa. Alikuwa Mpolandi aliyepigana na Wajerumani angani juu ya Uingereza mwaka wa 1940, akawa kamanda wa kikosi maarufu cha Wapolandi, namba 303, na ndege yake ilichorwa Donald Duck. Baada ya vita aliingia biashara za magendo, na sasa alikuwa Kolwezi kwa mkataba.

Ndege zake nyingi zilikuwa Harvard, za propela, tena za kufundishia, zimefungwa bunduki na mabomu madogo. Kwa kupiga vijiji na barabara zilitosha. Mbele ya J 29 zilikuwa nyama.

Mkesha wa Krismasi 1962, askari wa Katanga walianza kuwapiga risasi UN Elisabethville, na helikopta ya UN ikatunguliwa. UN ikajibu tarehe 28 Desemba kwa operesheni iliyoitwa Grandslam. Safari hii ilikuwa imejipanga. Waswidi walikuwa wameleta J 29 maalum za kupiga picha, kwa hivyo walijua ndege za Katanga zimelala wapi. Tarehe 29 Desemba zile pipa zikashuka Kengere na kuchoma ndege zikiwa bado chini.

Jeshi la anga la Katanga likaisha kwa siku chache. Katikati ya Januari 1963 Tshombe akatangaza kwamba kujitenga kumekwisha, na tarehe 21 UN ikaingia Kolwezi bila vita.

Nani alibaki na nini?

Hapa ndipo hesabu ya nchi hewa inaonekana vizuri.

Marubani waliingia mitini. Zumbach aliendelea na maisha, na mwaka wa 1967 akatokea tena Nigeria akirusha mabomu kwa niaba ya Biafra. Nchi nyingine mpya, mkataba mwingine, kazi ile ile.

Askari wa kawaida wa Katanga hawakuwa na tiketi ya Brussels. Maelfu yao walivuka kwenda Angola na wakakaa ukimbizini miaka mingi. Baadhi walirudi na bunduki mwaka wa 1977 na 1978, vita ikalipuka upya, na Kolwezi ikamwaga damu tena.

Na wananchi? Hakuna chuo cha urubani kilichobaki. Hakuna karakana iliyofunza vijana wa Likasi kufungua injini ya jeti. Doo ya shaba ilinunua ndege, ikalipa wageni, ikalipuka uwanjani Kengere. Ukilinganisha na Wakanda, hapo ndipo utaona pengo. Madini walikuwa nayo wote wawili, lakini ujuzi wa Katanga ulikuja kwa mkataba na ukaondoka mkataba ulipoisha.

Leo Kolwezi ni mojawapo ya sehemu zinazotoa kobalti nyingi zaidi duniani, na kuna uwezekano mkubwa kwamba kidogo kiko kwenye betri ya simu unayosomea hii stori. Kwa hivyo si mambo ya kale tu. Utajiri bado unatoka pale pale, na swali ni lile lile: nani anajifunza kitu hapo, na nani anabeba tu?

Tshombe mwenyewe? Alikimbilia ng'ambo, akarudi mwaka wa 1964 kama waziri mkuu wa Kongo ile ile aliyotaka kuihepa, akafutwa 1965, akakimbia tena. Tarehe 30 Juni 1967, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kongo, alikuwa angani juu ya Mediterania kwenye jeti ya kukodi. Msee mmoja aliyekuwa naye kwenye safari akatoa bunduki na kuwaamuru marubani waipeleke Algeria. Tshombe akawekwa ndani huko, na hakutoka. Alikufa mwaka wa 1969.

Siku nyingine ukisikia gava yoyote ikijigamba kwamba imenunua ndege mpya za mabilioni, usiulize ziko ngapi wala zinaenda kasi gani. Uliza nani atazirusha, nani atazitengeneza zikiharibika, na nani ana funguo za stoo ya spea. Katanga haikuwahi kuwa na jibu lake yenyewe kwa maswali hayo matatu, na ndiyo maana ndege zake zilikuwa za ukweli lakini jeshi likabaki hewa.